Ng'ombe Hulamba

Juzi, nikiwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Tarime, mfugaji mmoja mzee kutoka Itiryo aliweka kiganja juu ya mfuko wa saruji kama anayepima homa ya ndama.

"Shikamoo, Tata," dada muuzaji akamwamkia.

"Marahaba. Nasikia hii wanachanganya na takataka za kiwanda cha chuma."

"Si takataka, Tata. Ni mabaki ya kuyeyusha chuma. Yanapoozwa kwa maji, yanasagwa, ndiyo yanachanganywa. Na yamepimwa."

"Wamepima kwa kulamba?"

Dada akacheka. Mzee hakucheka.

"Najenga birika la kunyweshea ng'ombe. Ng'ombe hulamba."

"Hapo sijui, Tata."

Mzee akaufuta mkono kwenye koti. "Basi nipe ya nyumba tu. Ya birika nitamuuliza kwanza bwana mifugo. Watu hawalambi ukuta."

Nilicheka njia nzima ya kurudi nyumbani. Nyumba yangu nimeipiga plasta kwa saruji hiyohiyo, wala sikumuuliza mtu. Nilipofika nilimkuta mjukuu wangu, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kusimama, ameshika ukuta kwa mikono miwili, ulimi nje.

Kesho naenda Itiryo. Nataka kujua bwana mifugo alijibu nini.