Mugabo wa Mwalimu Nathaniel

Mwalimu Nathaniel alikuja Kasulu kutoka Singida na shahada ya fasihi, na tangu hapo sisi walimu wenzake hatujapumua. Kila mwaka anafundisha kidato cha tano tamthilia ileile ya kale: mfalme anamshuku mkewe, anamuua, kisha anagundua hakuwa na kosa. "Wivu hautafuti ushahidi," hunguruma mpaka darasani kwangu, "hujitungia!" Bwana huyu anazijua nafsi za watu wote. Yake tu ndiyo hajawahi kuichungulia.

Maana nyumbani alikuwa akipekua simu ya mkewe. Ernesta, muuguzi mpole wa Muyama, huongea Kiha na ndugu zake, na msomi wetu, miaka yote hiyo hapa, alikuwa ameokota "mwakeye" ya kuamkia na neno moja la ziada: mugabo, yaani mume. Jioni moja akamsikia uani akizungumza na mwanamume kwenye simu. Mugabo, mugabo, mugabo! Basi, akajua ana mume mwenza. Hakuuliza. Kuuliza si ujinga, lakini mtu mwenye shahada amuulize nani?

Akamrudisha kwao Muyama, nami akanichukua niwe shahidi. Mbele ya wakwe alisimama kama yuko ubaoni, akafafanua usaliti, chanzo chake na dalili zake. Nilitamani ardhi inimeze. Longinus, kaka yake Ernesta, alimwacha amalize.

"Shemeji, aliyekuwa kwenye simu ni mimi. Na huku kwetu mpakani mugabo ni mume, ila ni 'lakini' pia. Nilikuwa namwambia arudi nyumbani, unamtesa. Kila nikisema, ananikatiza: lakini ananipenda, lakini ni mtu mzuri, lakini atabadilika."

Baba mkwe akainamisha kichwa. Mtu mwingine angepiga magoti. Nathaniel akakohoa, akajitengeneza kola, akatabasamu.

"Basi, kumbe ni lugha tu. Mke wangu, yameisha. Panda gari twende."

Ernesta hakupandisha sauti. "Siku ile kaka alikusema, nikakutetea. Leo umejisema mwenyewe mbele ya baba na mama, na mimi 'lakini' sina tena."

Akabeba begi lake, akaingia ndani kwa mama yake.