Sarafu za Lugembe

Lugembe, seremala wa mtaa wa Ng'ambo, Tabora, alirudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia na kopo la tumbaku lililojaa sarafu ndogo za shaba. Aliziokota Misri, yeye na askari wenzake wakichimba mahandaki. Padri wa kambi alimwambia ni za wafalme wa Roma, zina miaka elfu moja na mia sita, akamfundisha kuzisoma.

Kila jioni alizilowesha kwa mafuta ya karanga, akaikwangua kutu kwa kijiti, kamwe si kwa chuma. Akiona kwenye sarafu picha ya askari anayemchoma mkuki mpanda farasi, alijua ni ya zama zipi. Herufi zilizo chini zilimwambia imepigwa mji gani. Yote aliyachora.

Kiingereza hakukijua. Barua za kwenda kwa Mzungu mmoja wa Dar es Salaam, mtaalamu wa sarafu, aliandikiwa na Silasi, karani, aliyekaa naye hema moja jeshini. Kwa miaka miwili Lugembe alisema, Silasi akaandika, na michoro ikatumwa pamoja na barua. Hatimaye mtaalamu akaja mwenyewe, akafikia kwa Silasi, mtaa wa Ipuli. Lugembe akavaa shati lake jeupe, akaenda na kopo.

"Huyu ndiye mtu wangu wa kusafisha sarafu," Silasi akamwambia mgeni, aliyezungumza Kiswahili ingawa hakukiandika.

Lugembe alidhani amesikia vibaya. Lakini michoro yake ilikuwa mezani, na chini ya kila mmoja pameandikwa jina la Silasi.

Mgeni akainua sarafu. "Bwana Silasi, hii ilipigwa wapi?"

Silasi akakohoa. Lugembe ndiye aliyejibu: "Aleksandria. Tazama herufi tatu hapo chini."

"Aa! Bwana Silasi, umemfundisha vizuri."

Lugembe alimtazama rafiki yake, akingoja neno moja tu. Silasi akamimina chai.

Basi Lugembe akazikusanya sarafu moja moja, akatoka bila kuaga. Silasi akamfuata hadi barabarani.

"Ndugu yangu, Mzungu angeamini kwamba seremala anayajua haya?"

"Hukumjaribu."

Mwaka uliofuata kijitabu kilichapishwa, chenye jina la Silasi na michoro ya Lugembe. Lugembe alikuwa amekwisha kuhamia kijiji cha Kwihara, akilima karanga. Hakumruhusu tena mtu yeyote kuandika barua kwa niaba yake. Mama yake alipofariki, alitembea siku tatu kwa miguu hadi Nzega, ili awaambie dada zake kwa mdomo wake mwenyewe.