Mabomba Kumi na Moja

Nakumbuka Jumamosi moja ya ujana wangu, mwanangu, na kila nikiikumbuka najikasirikia. Leo nimekukasirikia na wewe, kwa hiyo kaa nikuambie.

Nilikuwa kiongozi wa vijana wa kwaya hapa kanisa kuu, Bukoba. Kinanda kikubwa cha mabomba, kile walichokileta wamisionari kwa meli, kilikuwa kimenyamaza kwa sababu panya walitafuna ngozi za mivukuto yake ya kupulizia hewa. Sisi tulishapata kinanda cha umeme, tukajiona tumefika. Kaka yangu, mvuvi wa kisiwa cha Bumbire, alikuwa anatafuta madini ya risasi ya kuzamishia nyavu. Nikapanda juu, nikachomoa mabomba kumi na moja ya risasi, nikampa. Akayayeyusha yote. Sikumwuliza mtu.

Kesho yake baada ya ibada alinijia Mwalimu Elisha, mzee wa Buhembe aliyekipiga kinanda kile tangu ujana wake. Alikuwa amebeba ngozi za mbuzi, zimekatwa na kushonwa vizuri. Miezi yote ile tuliyokuwa tunamcheka kwa kung'ang'ania kinanda cha zamani, yeye alikuwa nyumbani kwake anashona mivukuto mipya.

"Mabomba yako wapi?"

"Tata, kinanda kile kimekufa," nikamjibu, nikimwita baba kwa Kihaya chetu.

"Nani alikwambia kimekufa? Mimi uliniuliza?"

Mwalimu aliwamba ngozi zake kwenye mivukuto, akakipiga kinanda hivyo hivyo mpaka alipofariki. Wimbo ulipofika kwenye sauti za mabomba yangu, ilitoka hewa tupu, na waumini wakazoea kupaza sauti pale ili kuziba pengo. Wageni walidhani ndiyo mtindo wetu. Mimi nilikuwa nainamisha kichwa.

Sasa fundi amekuja kukijenga upya kinanda, na yale kumi na moja ameshayatengeneza. Nikasema, afadhali, nitausikia wimbo mzima kabla sijafa. Halafu jana napita nyuma ya jiko la kanisa, nakuta wewe na vijana wenzako mmepasua mabomba ya mbao ya kinanda, aliyoyashusha fundi, mnachochea moto wa kupikia ndizi za semina yenu. Eti mlidhani ni mbao chakavu. Fundi alikuwa upande wa pili wa ukuta, na hakuna hata mmoja wenu aliyekwenda kumwuliza. Nina hasira, sifichi. Na inaniuma zaidi kwa kuwa kosa lenu ni langu lile lile.

Sikiliza basi. Kitu usichokijua usikiguse kabla hujamtafuta anayekijua. Na ukishaharibu, usiinamishe kichwa maisha yako yote kama mimi. Bomba hili nimelitoa motoni, limeungua mdomo tu. Lichukue, umpelekee fundi sasa hivi. Mwambie mwenyewe mlichofanya, kisha mwombe akufundishe kuchonga mengine. Mungu akupe ujasiri wa kufika mlangoni kwake, aibariki mikono yako, na siku kinanda kitakapolia, waumini wasilazimike kupaza sauti kwa ajili yako.