Siku Bibi Alipochungulia Kwenye Lenzi

Mwezi uliopita nililala kwenye nyumba ya wageni pale Korogwe, nikiwa njiani kwenda kwetu Mazingara. Asubuhi nilipotoka uani kupiga mswaki nikakuta wageni wamesimamisha kamera juu ya vyuma vya miguu mitatu, lenzi ndefu kama mkono wa mtu mzima, zote zimeelekezwa kwenye mti uliojaa ndege. Mmoja wao akaniita kwa upole, "Dada, karibu uone." Mimi, mtu mzima mwenye watoto, nikaangusha mswaki mchangani. Nikamshukuru, nikarudi chumbani na kufunga mlango kwa komeo. Ngoja nikueleze kwa nini.

Mimi nililelewa na bibi. Mvua za vuli zikishaanza tulishinda shambani kulinda mahindi yanayochipua, maana kwale na kanga walifukua mbegu, na ngedere wakamalizia. Tulikaa juu ya dungu, jukwaa la miti alilolijenga bibi mwenyewe. Mimi na debe bovu la kugonga, yeye na kombeo lake. Mchana tulikula bada, ule ugali wetu wa muhogo, kwa mboga ya mchunga, chungu hadi machozi yakanitoka. Ng'ambo ya shamba kulikuwa na korongo lenye miti mikubwa, na humo ndege wakubwa waitwao hondohondo walilia kutwa nzima, sauti kama ya mtoto mchanga anayetaka kubebwa. Nilikuwa nikisinzia kwa sauti ile.

Mwaka ninaokusimulia sikusinzia. Zilivuma habari za mumiani. Watu walisema mumiani wanakuja na mashine inayonyonya damu kwa mbali, unabaki umesimama kama gunia tupu. Habari zilishuka na mabasi pale Mkata, kila abiria na yake. Shuleni mwalimu alitukataza kuzizungumza, lakini yeye mwenyewe akaanza kuondoka jua likiwa bado juu. Bibi alinishika mkono tu, kwa nguvu, hata njia ya chooni.

Basi asubuhi moja, niko juu ya dungu, nikaona kitu kwenye vichaka vya korongoni. Duara jeusi, linang'aa kama jicho la ng'ombe. Nyuma yake mtu amelala kifudifudi, nguo zake rangi ya majani. Nilitaka kupiga debe, mkono ukakataa. Nikaing'ang'ania khanga ya bibi. Kabla bibi hajaniuliza, mama jirani aliyekuwa akipalilia shamba la pili akapiga yowe.

"Mumiani! Jamani njooni, mumiani!"

Wanaume wakatokea kila upande, mapanga na marungu mikononi. Walimburuta yule mtu mpaka penye uwazi, na ile mashine yake wakaiburuta pia. Alikuwa kijana wa Kihindi, kwao wana duka la vitenge Korogwe mjini.

"Jamani, mimi napiga picha ndege!" alilia. "Ndege tu, wallahi!"

"Ndege gani anaviziwa kwa mzinga kama huu?"

Jiwe likampata juu ya nyusi, damu ikamfumba jicho. Mtu akasema achomwe pamoja na mashine yake. Mwingine akaondoka mbio kufuata mafuta ya taa.

Bibi akashuka. Nilimfuata, maana kubaki peke yangu juu kule kulinitisha zaidi. Alipopenya katikati yao, wawili watatu wakamwamkia kwa mazoea, "Shikamoo, bibi," panga likiwa juu. Akawaitikia marahaba.

"Kitu hiki kinanyonya damu?" akauliza.

"Ndiyo, bibi. Kaa mbali."

"Basi kianze na mimi. Damu yangu imeshazeeka, hamtapata hasara."

Akamwambia kijana airudishe mashine kama ilivyokuwa, ielekee kule kule ilikoelekea. Kisha akapiga magoti kwenye dimbwi la mvua na kuweka jicho kwenye mashine. Nilimtazama mgongo, nikingoja uanze kusinyaa.

"Yumo ndani ya mti," akasema taratibu. "Hondohondo jike. Tundu limezibwa kwa tope, pamebaki upenyo wa mdomo tu. Ameatamia."

Hakuna aliyeshusha panga. "Bibi ameshachezewa akili," mmoja akanong'ona.

Ndipo bibi aliponigeukia. "Mjukuu wangu, njoo wewe uangalie."

Sijui nilifikaje. Nakumbuka baridi ya ile plastiki kwenye shavu langu, na kwamba nilifumba macho kwanza, nikisubiri kufa. Nilipoyafumbua nikaona gome la mti, karibu kama ningeweza kulibandua kwa kucha. Na katikati ya gome, ufa, na kwenye ufa ncha ya mdomo ikitikisika.

"Umeona nini, mwanangu?" Alikuwa mama jirani.

"Ndege," nikasema. "Kajifungia."

Mtu mmoja akacheka kidogo, cheko la aibu. Mapanga yakashuka moja moja. Yule aliyefuata mafuta akarudi anahema na kidumu chake, na hakuna aliyekipokea.

Kijana akaikunja miguu mitatu ya mashine yake. Bibi akachana upindo wa khanga akamfunga jeraha. Kijana akainua kamera. "Bibi, nikupige picha moja, nitakuletea." Bibi akaweka kiganja mbele ya uso. "Usinielekezee hilo dude!" Kijana akaondoka, wala hatukumwona tena.

Jioni, njiani kurudi, nikamuuliza, "Bibi, wewe hukuogopa?"

"Nilijikojolea," akasema. "Unadhani kwa nini nilichagua kupiga magoti kwenye maji?"

Miti yote ya korongo imeshakwenda mkaa, na hondohondo sijui walihamia wapi. Watoto wa siku hizi ukiwatajia dungu wanakuuliza ni kitu gani. Bibi amelala pembeni ya lile shamba, na picha yake hatuna hata moja. Binti yangu mkubwa sasa ana umri niliokuwa nao mimi siku ile. Juzi nilimtazama akila, nikajiuliza kama ningeweza kumwita asogeze uso kwenye kitu ambacho kingenitoa mkojo mimi mwenyewe, ili tu mtoto wa watu arudi kwao mzima. Bibi aliniita mara moja tu, na sauti yake haikutetemeka.