Barua za Kidato cha Pili B

Nilikaa meza moja na Mama Mipaka kwa miaka kumi na moja katika ofisi ya walimu, mimi nikifundisha hesabu, yeye maarifa ya jamii. Jina hilo alipewa na wanafunzi, maana aliweza kuchora ubaoni mipaka ya nchi yoyote bila kufungua kitabu. Shida ni kwamba alikuwa akichora nusu ya kipindi, mgongo akiwa amewapa wanafunzi, na akigeuka anakuta nusu ya darasa wamelala na nusu nyingine wanaangalia dirishani.

Dirisha hilo ndilo lililoleta mambo yote. Darasa la Kidato cha Pili B lilijengwa pembeni kabisa mwa uwanja, likabanana na ua wa ofisi ya mtaa. Ukikaa ndani unaliona benchi la wananchi waliofuata barua, na unauona mlango wa ofisa mtaa ukiwa na kufuli. Ofisa mwenyewe alikuwa mtu mpole, hana ugomvi na mtu, ila kazini alikuwa akionekana kama mvua ya kiangazi. Siku akionekana, anasikiliza shida yako kwa upole, kisha anakuambia, "Rudi kesho." Watu wanakaa pale tangu asubuhi, wanapeana habari za magonjwa na za ndoa, wanaondoka.

Mwaka huo mtihani wa muhula ulikuwa aibu. Wastani wa darasa ulikuwa ishirini na tatu kwa mia. Palipoulizwa mambo matatu ambayo ni wajibu wa raia, mmoja aliandika: kuamka, kunawa uso, kurudi. Mama Mipaka aliisoma karatasi ile mara tatu, akaniuliza, "Kurudi wapi?" Mimi ni mtu wa hesabu, nikamrudishia karatasi yake.

Mkuu wa shule akaitisha kikao cha kutafuta sababu. Mwalimu wa lugha akasema sababu ni vitabu: wanafunzi sitini na mmoja, vitabu tisa, na kimoja kati ya hivyo tisa kinahusu ufugaji wa nyuki, kiliingia kwa bahati mbaya. Mwalimu wa michezo akasema sababu ni njaa. Mwalimu wa kemia akasema sababu ni shibe, kwa kuwa kipindi kinakuja baada ya chakula cha mchana. Wawili hao wakavutana nusu saa nzima kama watoto wana njaa au wameshiba. Mtu mmoja akataja wazazi, mwingine akataja simu. Hakuna aliyemwuliza Mama Mipaka. Mwisho Mkuu akafunga daftari lake.

"Sababu ni dirisha," akasema. "Lipakwe rangi, wasione nje."

Fundi rangi alikuja na kopo moja la kijani. Likaisha katikati ya kazi. Nusu ya chini ya vioo ikawa kijani, nusu ya juu ikabaki wazi, na tangu siku hiyo wanafunzi wakawa wanasimama ili waone vizuri.

Mama Mipaka alirudi nyumbani kanyong'onyea. Mumewe ni fundi saa, mtu wa maneno haba, na sikio linalosikia ni moja. Mkewe alihamia upande wa sikio hilo, akamweleza kisa chote.

"Kwani wanaangalia nini huko?" fundi saa akauliza.

"Watu wanaosubiri barua."

"Na wewe unafundisha nini?"

"Serikali za mitaa."

Fundi saa alimtazama juu ya miwani, kisha akaendelea kula.

Kesho yake Mama Mipaka aligeuza madawati yote. Ubao ukawa nyuma, dirisha likawa mbele. Kitabu ukurasa wa thelathini na nne kilieleza kazi za ofisi ya mtaa, basi akawaambia darasa lote ni baraza. Kila mtoto akapata cheo. Kulikuwa na mwenyekiti, kamati ya usafi, kamati ya usuluhishi, na mjumbe mmoja wa mambo mengineyo. Katibu akawa msichana ambaye kwa miaka miwili hajanyanyua mkono darasani. Alipewa cheo hicho kwa sababu ya mwandiko wake tu. Karibu na mlango wakaweka meza, na juu yake kibao kilichoandikwa BARAZA.

Fundi saa aliwachongea mhuri kwa soli ya kandambili kuukuu: Baraza la Kidato cha Pili B. Chini yake aliweka maneno "kwa mafunzo tu". Lakini mkono wa fundi saa umezoea vitu vidogo, na herufi zikatoka ndogo kama mbegu za ufuta. Wino ulipoziingia zikajaa, zikawa mstari.

Wiki ya pili, Mama Mipaka alikuja ofisini kutafuta chaki. Aliporudi alisimama mlangoni, hakuingia. Mbele ya meza alikuwa ameketi bibi mmoja, fimbo magotini, na baraza lote limetulia tuli. Bibi huyo alikuwa amekaa siku sita kwenye benchi la upande wa pili. Siku hiyo akaona kibao, akaingia.

"Shikamoo, bibi," Katibu alikuwa akisema. "Shida yako?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Mimi ni marehemu. Nataka barua."

Alieleza bila haraka. Pacha wake ndiye aliyetangulia mbele ya haki. Ofisi ya kumbukumbu ikakosea, ikamwandika yeye. Alikwenda kwa miguu yake kuwaambia, wakamjibu kwamba marehemu haleti malalamiko mwenyewe, yaletwe na ofisi ya mtaa wake.

Baraza likajadili. Mjumbe mmoja alisema bibi yu hai kwa kuwa anaongea. Wa kamati ya usafi akapinga: redio nayo inaongea. Katibu akafungua ukurasa wa thelathini na nne, akasoma kwa sauti ambayo Mama Mipaka hakuwahi kuisikia, kwamba panatakiwa mashahidi wawili wakazi wa mtaa. Bibi akatoka, akarudi na wawili kutoka kwenye benchi. Wa kwanza alimtambua mara moja. Wa pili alisema anamjua sana, ila hana hakika kama huyu si yule mwingine.

"Yule alikuwa na kovu kwenye kidevu," bibi akasema, akainua kidevu. Darasa zima likasogea kukikagua.

Kura zikapigwa. Hamsini na nane walisema yu hai, wawili hawakuegemea upande wowote, na mmoja alikuwa ameenda haja. Katibu akaandika barua, akaweka idadi ya kura, akagonga mhuri. Hapo Mama Mipaka akaona yamemfika shingoni, akaingia.

"Bibi, samahani sana. Haya ni mazoezi tu ya watoto."

"Na kule kwa siku sita nilikuwa nafanya nini?" bibi akajibu. Akaikunja barua, akaitia kifuani, akaaga.

Siku nne Mama Mipaka hakula vizuri. Kila gari liliposimama nje ya shule alikuwa akiniuliza, "Wamekuja?" Siku ya tano bibi alirudi akiwa amevaa viatu vipya. Barua imekubaliwa. Karani wa kumbukumbu aliisoma mara mbili, akasema miaka yote aliyofanya kazi hajaona uhai wa mtu uliothibitishwa kwa kura, akamfuta kwenye orodha ya wafu papo hapo.

Habari haina miguu lakini hufika. Kufikia wiki iliyofuata benchi la ofisi ya mtaa lilikuwa tupu, na foleni imezunguka hadi mlango wa Kidato cha Pili B. Mama Mipaka aliweka masharti: hakuna barua kabla kitabu hakijasomwa, na hakuna uamuzi kabla mtu hajaeleza sheria inasemaje. Watoto wakavipigania vile vitabu tisa. Hata kile cha nyuki kilisomwa, pale mama mmoja alipokuja kulalamikia mizinga ya jirani yake.

Kisha ikaja kesi ya mfereji. Majirani wawili walikuwa wakishitakiana, kila mmoja akidai maji machafu yanatoka kwa mwenzake. Kamati ya usuluhishi ilitoka na rula za sentimita thelathini, ikapima mtaa mzima ikiwa imechuchumaa. Jioni ikarudi na majibu kwamba mfereji ni wa shule. Kesho yake Mkuu wa shule akakuta mezani kwake barua yenye mhuri, inampa siku kumi na nne awe ameuziba.

Mkuu alikuja ofisini kwetu na barua mkononi.

"Mwalimu, hawa wanafunzi wako wana haki ya kuniandikia hivi?"

"Ukurasa wa arobaini na moja, Mkuu," Mama Mipaka akasema kwa adabu. "Kama hukuridhika, unaweza kukata rufaa."

Nilidhani atamfukuza kazi. Lakini Mkuu alikuwa mtu wa taratibu. Alifikiri, akauliza, "Nakata wapi?" Palikuwa hapajapangwa. Mama Mipaka akajibu la kwanza lililomjia, kwamba rufaa zinasikilizwa Kidato cha Tatu A. Mkuu alikwenda huko Ijumaa, akasimama mbele ya ubao na tai yake, akajitetea kwa dakika arobaini. Akashindwa. Mfereji ukazibwa siku ya kumi na tatu.

Wakati huo ofisa mtaa alikuwa akifurahia utulivu. Kisha barua ikamjia kutoka kwa mkubwa wake, ikimtaka athibitishe kwamba anafika kazini. Na uthibitisho wa mambo ya mtaa unapatikana wapi, kila mtu alishajua. Akaja na koti lake, akapanga foleni nyuma ya mtu mwenye kesi ya jogoo. Nilikuwa napita, nikasimama kusikiliza.

"Una mashahidi wawili waliokuona kazini?" Katibu akamwuliza.

Ofisa aligeuka, akaitazama foleni. Watu wote pale walimjua, na wote wakaangalia chini. Si kwamba walimchukia. Walikuwa wanajaribu kukumbuka.

"Basi, bwana, rudi kesho," Katibu akasema, na hakusema kwa dhihaka.

Kesho yake ofisa alirudi, na kesho kutwa, na siku iliyofuata. Kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu, alikuwa anakaa dawati la nyuma kusubiri zamu yake, na kwa kuwa alikuwa amekaa, alikuwa anasikiliza somo. Wiki ya tatu alinyanyua mkono akauliza swali kuhusu ukurasa wa thelathini na nne. Mwezi ulipokwisha alifungua ofisi yake saa mbili asubuhi. Watu wawili wakamwona, akarudi mbio kuja kuchukua barua.

Mtihani uliofuata, wastani ukawa sabini na mmoja. Mkaguzi wa elimu akatumwa kuchunguza, akaja na fomu ndefu yenye orodha ya sababu: vitabu, vifaa, walimu, wazazi, mazingira. Alikuta madawati yanaangalia dirisha na ubao uko nyuma.

"Kitu gani kiliwasaidia kuelewa somo?" akamwuliza mwanafunzi wa kwanza.

"Bibi alikuwa amekufa," mtoto akajibu.

"Pole sana. Na baada ya hapo?"

"Tukapiga kura, akawa hai."

Mkaguzi alimwuliza wa pili, ambaye alimjibu kuhusu mfereji, na wa tatu, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa ofisa mtaa aliyekuja kuazima kitabu. Mama Mipaka akajaribu kueleza. Mkaguzi alitafuta mahali pa kuyaandika maelezo yale, fomu haikuwa na nafasi. Mwisho macho yake yakatua kwenye dirisha. Alisogea, akapima kwa mkono ile rangi ilipoishia, akaweka alama penye "mazingira".

Mtihani wa taifa ulikuwa na swali moja tu walilokosa. Liliuliza nani hutoa barua ya kumtambulisha mkazi. Wote sitini na mmoja waliandika: Kidato cha Pili B. Mama Mipaka alitaka kuandika malalamiko, akaacha. Aliniambia kwa kweli hajui kama walikosa.

Miezi miwili baadaye waraka ukafika shule zote: madirisha ya madarasa ya maarifa ya jamii yapakwe rangi ya kijani nusu ya chini. Naye Mama Mipaka akaitwa chuo cha ualimu kuwafundisha wenzake arobaini, mada ikiwa ni rangi ya dirisha na ufaulu wa mwanafunzi. Alikwenda na nia ya kusema ukweli, na aliusema, kwa muda wa saa mbili nzima, kuanzia kwa bibi mpaka kwa ofisa. Walimu walimsikiliza kwa heshima. Alipouliza kama kuna maswali, mmoja akataka kujua kama ni kijani ya majani au ya chupa, na mwingine kama rangi ipakwe mara mbili au mara moja inatosha.

Baada ya kikao mwalimu mmoja kijana alimfuata kwenye ngazi. Akamwambia shule yake madirisha hayana vioo hata kimoja, na yanaangalia soko. Kelele haziishi, watoto hawasikii anachosema.

"Kelele za nini?" Mama Mipaka akauliza.

"Wanagombania vizimba. Nani alianza kukaa wapi."

Mama Mipaka akaketi pale pale kwenye ngazi, akampisha nafasi. Walikaa mpaka chakula cha wageni kikaisha. Alimchorea mhuri, akamwonyesha namna ya kupanga kamati, akamwandikia maswali ya kuanzia.

Alinihadithia haya Jumatatu, akipekua droo ya upande wake wa meza.

"Nilimwachia karatasi zote nilizokuwa nazo," akasema. "Na leo nina jaribio kipindi cha tatu. Una zako?"

Nilimgawia nusu ya rimu.