Mifugo Yetu ya Serengeti

Mwezi mzima lori ndiyo ilikuwa nyumba yetu, sisi vijana wa kujitolea kutoka Musoma. Tulifyatua matofali ya shule Butiama, tukavuna pamba ya kijiji cha Ujamaa Bunda, tukalala humo humo juu ya magunia. Siku ya mwisho dereva akatuingiza Serengeti. Nyumbu! Wamejaa mpaka macho yanachoka! Nikapiga mluzi wa kuita ng'ombe, wakainua vichwa. Lori zima likashangilia!

"Ni wa nani hawa?" niliuliza.

"Wa taifa," dereva akasema. "Wako na wangu."

Baba alikuwaga anachunga ng'ombe za watu. Yeye hakuwa na hata ndama. Nilifika nyumbani mbio: "Baba, tuna mifugo!" Nikamweleza yote.

Hakucheka. Aliuliza, "Wanakunywa maji wapi?"