Kisamvu cha Mwali Mara Tatu

Daktari wa macho alimwambia shangazi yangu kwamba mtoto wa jicho atamtoa, lakini si mwezi huu. Mwili umeshuka mno. Ale kwanza, apate nguvu, arudi baada ya wiki nne wampime upya. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake nimeshika mkoba wake, na nakumbuka nilifurahi. Kati ya maagizo yote ambayo daktari angeweza kutupa, hilo niliona jepesi. Kula tu.

Sikujua. Shangazi alikuwa na siku kumi kwangu hapa Kibaha tangu nilipomchukua kwake Kisarawe, na siku zote hizo kumi alikuwa akimega tonge mbili, tatu, kisha anasema, "Nimeshiba baba, Mungu awazidishie," na sahani anaisukuma taratibu kuelekea kwetu, kama anayetukaribisha.

Niseme haki hapa, maana mwenyewe nisingependa mtu asome vibaya. Mke wangu anajua kupika. Kwao ni Tabora, na mboga zake huwa anazitia karanga zilizotwangwa, nami nimezila miaka mingi bila kulalamika. Ila shangazi ni Mzaramo, mke wangu Mnyamwezi, na hao wawili ni watani. Basi huwezi kujua lini wanasemezana kweli na lini wanacheza.

"Karanga ni za kutafuna barazani, mtani," shangazi alimwambia siku ya pili tu. "Nyie mlipokuja huku pwani kwa miguu, mkabeba karanga, mkasahau kubeba nazi."

"Tungebebaje nazi, shangazi, wakati nyie mlikuwa mmezikalia?"

Wakacheka wote wawili. Lakini sahani ilirudi imejaa.

Tulipotoka kwa daktari nikamuuliza wazi. Shangazi, unataka kula nini? Akasema kisamvu. Nikamwambia juzi si tulikula kisamvu? Akatafuta neno lisiloumiza. "Yale yalikuwa majani, baba."

Sasa mimi nimeishia darasa la saba, na kazi yangu ni ufundi. Nina kibanda pale Maili Moja, karibu na stendi, natengeneza redio na spika, na siku hizi simu kuliko vyote. Fundi akiletewa kitu kibovu hauzi huruma, anauliza maswali. Nikaanza kuuliza. Majani ya aina gani? Yaliyotwangwa, si ya kusagwa mashine. Tui? La pili kwanza, la kwanza mwisho, na usiache mwiko mpaka liive lisikatike. Chumvi? Baadaye, uchungu ukishatoka. Yote hayo nilikuwa nayajua nusu nusu. Ndipo nikauliza lile nililoona ni la maana kuliko yote.

"Kinachemka muda gani kabla ya tui?"

"Muda?" Alinigeuzia uso, macho yake yana ule ukungu. "Mwali mara tatu."

Nikakumbuka. Ajabu ni kwamba nilikuwa nimesahau kabisa. Nililelewa na shangazi miaka minne nikiwa mdogo, na nyumba ile haikuwa na saa. Yeye ndiye aliyeitwa kupika kwenye shughuli za kijiji kizima, harusi, maulidi, matanga, na wimbo wa mwali ndio uliokuwa saa yake. Wimbo mrefu, unamuuliza mwali yuko wapi, anafanya nini, kisha unataja vyombo vya jikoni kimoja baada ya kingine, kinu, mchi, ungo, mbuzi ya nazi, upawa, mpaka viishe. Vikiisha mara moja, maji yamekolea. Mara tatu, ndiyo wakati wa tui la pili. Mimi nilikuwa nakaa nyuma ya ukuta wa makuti nikisubiri ukoko, na sikuwahi kujiuliza kwa nini haukupikwa wali wala mboga bila kuimba. Nilidhani wanawake wana furaha tu.

Kwa nini sikumwambia aje jikoni mwenyewe? Nimejiuliza sana. Sababu ya kwanza ni macho: mke wangu aliogopa ataungua, na alikuwa na haki ya kuogopa, maana wiki ile ile shangazi alikuwa ameshika sufuria ya moto akidhani ni bakuli. Ya pili ni adabu yake mwenyewe. Jiko si lake, hatii mkono, haonji chungu cha mwenzie mpaka apakuliwe. Ya tatu sina hakika kama ni ya kweli au naipamba sasa: nadhani nilitaka kumshangaza. Mtu uliyekula chakula chake miaka minne, unataka siku moja umwekee sahani mbele aseme, ala!

Basi nikamwomba aniimbie. Tukakaa kwenye mkeka uani asubuhi ya Jumapili, nikaweka simu juu ya kigoda, akaimba. Sauti imepungua lakini tuni haijapotea. Akawa anaimba mstari, ananyamaza, anaimba mstari, ananyamaza, kidole kinagonga goti. Nikajisemea moyoni, masikini, pumzi imekuwa fupi.

Usiku huo sikuigusa rekodi, ila kesho yake kibandani, wateja walipopungua, nikafanya kile ninachofanya kwa kanda na rekodi za watu. Nikasafisha. Kuna programu kwenye simu ambayo inatafuta kila mahali penye ukimya, inapaondoa, inaunganisha maneno. Nikaondoa jogoo wa jirani, nikaondoa mlio wa bodaboda, nikaondoa zile pumzi zote za shangazi. Wimbo ukatoka safi, umebanana, kama wa redioni. Dakika saba kasoro. Nikazidisha mara tatu, nikaweka kengele ya simu dakika ishirini na moja, nikajiona mtu aliyetia sayansi kwenye kisamvu.

Majani tulinunua kwa mama mmoja anayeyaleta kutoka Gwata, mabichi bado na umande. Nikatwanga mwenyewe. Majirani walinichungulia na sikujali, au nilijali kidogo. Kengele ikalia, nikatia tui la pili, kisha la kwanza, nikakoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Harufu ilikuwa yenyewe kabisa.

Shangazi alipokea tonge, akatafuna. Akatafuna tena. Akameza kwa maji.

"Umejitahidi, baba." Kisha, akidhani nimeondoka, akamwambia mke wangu kwa sauti ya chini, "Mpeni paka."

Hatufugi paka.

Nikaonja. Kilikuwa kichungu, kigumu, kinakwaruza koo. Alhamisi nikarudia. Kichungu vile vile. Hapo nikaanza kutafuta mchawi. Kwanza nikalaumu gesi, kwamba moto wake ni wa juu juu. Nikahamia mkaa. Kisha nikalaumu majani, kwamba labda yule mama ametuchanganyia kisamvu mpira. Na hili naliandika kwa aibu: kisha nikamlaumu mke wangu.

"Uliongeza nini?"

"Niongeze nini wakati hukuniruhusu hata kufunua mfuniko?"

"Labda karanga kidogo."

Alinitazama. "Karanga zinatia uchungu? Wewe fundi, hebu jipime na wewe."

Alikuwa sahihi, tena zaidi ya alivyojua. Lakini siku ile nilisusa nikaenda kibandani bila kuaga, na shangazi mchana huo alikunywa chai tupu. Kati ya zile wiki nne za daktari, mbili zilikuwa zimekwisha. Gauni lake lilikuwa linaning'inia mabegani kama limetundikwa kwenye msumari.

Jumamosi nilirudi nyumbani na spika ya mteja mmoja, kubwa, niliyotaka kuijaribu pasipo kelele za stendi. Nikaiunganisha na simu hapo uani. Shangazi yuko kwenye mkeka wake anachambua mchele kwa kupapasa. Nilikusudia kuweka taarabu, kidole kikagusa rekodi ya wimbo wa mwali, ile niliyosafisha. Sauti ikajaa uani.

Shangazi akakunja uso. Akasikiliza mistari kama sita hivi.

"Nani huyo?"

"Nani, shangazi?"

"Huyo mwanamke. Ana haraka gani? Anakimbizwa na nani? Haachi hata mtu aitikie."

Nilizima. Nikasema, "Ni wewe."

"Mimi!" Akacheka mpaka mchele ukamwagika. "Mimi siimbi hivyo. Huyo ana deni mahali."

Sikucheka. Nilitafuta rekodi ya kwanza, ile chafu, yenye jogoo na bodaboda. Siku zote huwa siifuti ya asili, ndiyo adabu pekee ya ufundi ninayoweza kujisifu nayo. Nikaiweka.

"Mwali yu wapi?" ikaimba spika. Kimya.

Na shangazi, mikono bado iko kwenye mchele, akaitikia kwa sauti ya chini ambayo sidhani alijua ameitoa. "Yu kinuni, yu kinuni, mwali yu kinuni."

"Atwanga nini?" Kimya.

"Atwanga jani, atwanga jani, mwali atwanga jani."

Nilikaa chini kwenye saruji. Jibu lilikuwa refu kuliko swali. Kila pale nilipodhani anatafuta pumzi, alikuwa anawasubiri wenzake. Watu wanane, kumi, waliokaa kuzunguka vinu na vyungu Kisarawe, wengine nawakumbuka sura, wengi wameshakufa. Aliwaachia nafasi yao yote, sawasawa, peke yake kwenye mkeka wangu, nami nikaikata nikaitupa. Nikatazama urefu wa rekodi. Dakika kumi na sita. Mara tatu, karibu saa nzima. Mimi nilikuwa nachemsha dakika ishirini na moja.

Nikaingia ndani nikamwambia mke wangu, mchawi nimempata, ni mimi. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho mkono uko kiunoni.

"Kwa hiyo karanga zimeachiwa huru?"

"Zimeachiwa."

"Haya. Majani yapo. Washa mkaa."

Tukahamishia jiko uani, karibu na mkeka lakini si karibu mno, nikaweka matofali mawili katikati ili mguu wa shangazi usifike motoni. Hapo akapata jiko ambalo si la mtu, liko nje, na nadhani ndiyo maana alikubali kuagiza. "Maji hayo yamezidi. Punguza. Bado. Haya." Simu nikaiacha ndani. Akaanza.

"Mwali yu wapi?"

Mimi na mke wangu tukatazamana. Tukaitikia. Mimi nilikuwa na maneno sina tuni, yeye alikuwa na tuni hana maneno.

"Jamani," shangazi akasimamisha wimbo, "mtani analia msiba au anaitikia?"

"Kwetu ndivyo tunavyoimba."

"Ndiyo maana mlihama."

Akaanza upya kutoka mwanzo, na muda huo wa kucheka nao sufuria ilikuwa inachemka. Labda nao ulihesabiwa tangu zamani, sijui. Kufikia mara ya pili mke wangu alikuwa ameyashika maneno na ananirekebisha mimi. Kufikia ungo na mchi mara ya tatu, jirani wa upande wa pili wa ukuta, ambaye simjui vizuri, alikuwa anaitikia naye huku anafua. Tukatia tui la pili. Tukatia la kwanza. Shangazi akainua pua. "Sasa toa."

Sitaki kusema uongo kwamba kilikuwa kama cha Kisarawe. Chumvi nilizidisha, na alinisema kwa hiyo chumvi mpaka mwisho wa chakula. Lakini alinisema mdomo ukiwa umejaa. Alikula ugali wote, akaomba mwingine, akakomba bakuli kwa kidole, na mimi na mke wangu tukawa tunatazama sahani ile kama watu wanaotazama mpira dakika za mwisho, hatupumui.

Kilibaki kidogo. Nilikifunika nikakiweka juu ya kabati kwa ajili yangu, maana kiporo cha kisamvu asubuhi, kimelala na tui lake, nakipenda kuliko chakula chochote. Siku mbili zilizofuata nilibaki na swali nililolizungusha kichwani kibandani, kwamba katika miaka yangu yote ya kusafisha rekodi za watu, harusi zao, mawaidha yao, sauti za wazazi wao, ni nafasi ngapi za namna hii nimezikata. Nimeanza kuwauliza wateja kabla sijagusa, na wengine wananishangaa.

Lakini asubuhi ile ya Jumapili sikuwa nawaza hayo, nilikuwa nawaza kiporo. Nikaenda kwenye kabati. Sufuria haikuwepo. Nikaikuta uani, chini, kando ya mkeka, nyeupe kama imeoshwa, na shangazi ameegemea ukuta anajifuta vidole kwenye kanga.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba."

"Kisamvu kimekwenda wapi?"

Akageuza uso upande wa jua.

"Paka," akasema.